Ruzuku ya Mishahara na Kufufuka kwa Uchumi baada ya Vizuizi vya UVIKO-19: Mfano wa Uingereza na Swali la Kenya

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ruzuku ya mishahara ilivyofanya kazi wakati wa vizuizi vya UVIKO-19, hususan nchini Uingereza kati ya Machi 2020 na Septemba 2021. Hoja inayojengwa ni kwamba ruzuku ya aina hii hulipia uhusiano ulioandikwa kati ya mwajiri na mwajiriwa ili usikatike katika kipindi ambacho kazi yenyewe haipo. Kutokana na hoja hiyo, makala yanaonesha kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira peke yake ni kipimo dhaifu cha mafanikio ya mpango huo, kwamba namna ya kuuhitimisha ina uzito sawa na namna ya kuuanzisha, na kwamba nchi kama Kenya, ambako wafanyakazi walio wengi hawamo katika daftari lolote la mishahara, isingeweza kuuiga kwa kutafuta fedha tu.

1.0 Utangulizi

Tarehe 20 Machi 2020, Waziri wa Fedha wa Uingereza, Rishi Sunak, alitangaza kwamba serikali ingelipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi ambaye mwajiri wake hakuwa na kazi ya kumpa, hadi kikomo cha pauni 2,500 kwa mwezi. Siku tatu baadaye wananchi waliamriwa kubaki majumbani. Mfumo wa intaneti wa kupokea maombi ya waajiri ulifunguliwa tarehe 20 Aprili, yaani mwezi mmoja tu baada ya tangazo, jambo ambalo kwa serikali yoyote ni kasi isiyo ya kawaida. Mpango uliokusudiwa kudumu miezi mitatu ulidumu hadi tarehe 30 Septemba 2021. Ulipofungwa, ajira milioni 11.7 zilikuwa zimepitia humo kwa nyakati mbalimbali, na gharama yake ilikuwa imefikia takriban pauni bilioni 70.

Kinachomvuta mtafiti katika kisa hiki ni kutooana kwa takwimu mbili. Katika robo ya pili ya mwaka 2020 pato la taifa la Uingereza lilishuka kwa takriban moja ya tano, anguko ambalo halijaonekana tangu takwimu za robo mwaka zianze kukusanywa nchini humo. Kwa mazoea ya nadharia, anguko la kiasi hicho lingefuatwa na ukosefu wa ajira wa kutisha. Mwezi Julai mwaka huo, Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti ilikadiria katika mwelekeo wake wa kati kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira kingekaribia asilimia 12 kabla ya mwaka kwisha. Hakikufika huko. Kilele chake kilipita asilimia 5 kwa kiasi kidogo tu, na mwanzoni mwa mwaka 2022 kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 4. Je, tofauti hiyo ni kipimo cha mafanikio ya mpango, au ni matokeo ya namna tunavyohesabu?

2.0 Kinacholipiwa na ruzuku

Tuchukulie mpishi aliyefanya kazi miaka sita katika mkahawa mmoja. Anajua wauzaji wa samaki wanaoaminika, anajua jiko lipi huzimika ovyo, anajua wateja wa Ijumaa wanataka nini. Ujuzi huo una thamani ndani ya mkahawa ule, na nje yake thamani hiyo hupungua sana. Mkahawa ukifungwa kwa amri ya serikali na mpishi akaachishwa kazi, hasara huwa kubwa kuliko mshahara wake wa miezi mitatu. Mwajiri atakapofungua atalazimika kutangaza nafasi, kusaili na kufundisha upya. Mpishi naye atakuwa ametafuta kibarua kingine, pengine kisichohusiana na upishi kabisa. Uchumi wenye wapishi, mafundi na makarani milioni kadhaa wa namna hiyo unaweza kuondolewa vizuizi siku moja na bado ukashindwa kusimama, kwa sababu nyuzi zilizounganisha watu na kazi zao zimekatika zote kwa mpigo.

Ruzuku ya mishahara hulipa ili nyuzi hizo zisikatike. Mfanyakazi hubaki katika orodha ya mwajiri wake, mkataba wake huendelea kuwa hai, na mapato yake hayakatizwi. Uingereza ilimwita mfanyakazi huyo kwa jina linaloweza kufasiriwa kama "aliyepumzishwa", na makala haya yatatumia istilahi hiyo. Kwa kuwa aliyepumzishwa anaendelea kutumia mshahara wake, mahitaji ya bidhaa nayo huhifadhiwa kwa kiasi fulani. Hata hivyo, faida hiyo ya pili ingeweza kupatikana pia kwa kumpa posho ya ukosefu wa ajira. Faida ya kwanza, ya kuhifadhi uhusiano, haipatikani kwa njia hiyo.

Fikra hii haikuzaliwa na gonjwa la korona. Ujerumani imekuwa na utaratibu wa kazi za saa pungufu kwa miongo mingi, na iliutumia kwa mafanikio katika msukosuko wa fedha wa mwaka 2009. Chini ya utaratibu huo mwajiri hupunguza saa za kazi badala ya kupunguza watu, na Shirika la Ajira la Shirikisho hufidia asilimia 60 ya mshahara halisi uliopotea, au asilimia 67 kwa mwenye watoto. Mwezi Aprili 2020 karibu watu milioni 6 walikuwa chini ya utaratibu huo. Tofauti ya kuzingatiwa ni kwamba Ujerumani ilikuwa na mfuko wa bima uliochangiwa kwa miaka mingi, wenye akiba ya takriban euro bilioni 26 kabla ya janga, ilhali Uingereza ilibuni mpango wake ndani ya siku chache na kuugharimia kwa mikopo.

Marekani ilifuata njia iliyochanganya. Sheria iliyosainiwa tarehe 27 Machi 2020 iliongeza dola 600 kwa wiki kwenye posho ya wasio na ajira. Sheria hiyohiyo ilianzisha mikopo kwa biashara ndogo iliyosamehewa endapo sehemu kubwa ingetumika kulipa mishahara. Fungu la kwanza la mikopo hiyo, dola bilioni 349, lilikwisha kabla ya wiki mbili kutimia. Wakati huohuo kiwango cha ukosefu wa ajira kiliruka kutoka asilimia 3.5 mwezi Februari hadi asilimia 14.7 mwezi Aprili. Msomaji asiharakishe kuhukumu kutokana na mruko huo. Zaidi ya robo tatu ya waliohesabiwa mwezi Aprili kuwa hawana ajira walisema wameachishwa kwa muda na wanatarajia kuitwa tena, na kufikia Desemba kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 6.7. Ina maana kwamba uhusiano wa kazi unaweza kudumu kwa ahadi ya mdomo pia, japokuwa ahadi ya mdomo haimlazimishi mtu.

3.0 Kanuni za Uingereza na athari zake

Mwajiri aliruhusiwa kumwombea ruzuku mfanyakazi ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Mapato na Forodha kupitia taarifa za kodi ya mishahara. Tarehe ya ukomo ilikuwa kwanza Februari 28, kisha ikasogezwa hadi Machi 19, siku moja kabla ya tangazo. Kanuni hii ilizuia waajiri kubuni wafanyakazi hewa baada ya kusikia habari za ruzuku. Vilevile iliwaacha nje waliobadilisha kazi katika wiki hizo, ambao mwajiri wa zamani alikuwa amewafuta na mwajiri mpya alikuwa hajawaandika. Kosa lao lilikuwa kalenda tu. Waliojiajiri walitengewa mpango mwingine uliotegemea wastani wa faida ya miaka ya kodi iliyotangulia, hivyo aliyeanza biashara baada ya Aprili 2019 hakupata kitu mwanzoni.

Daftari la kodi ndilo lililowezesha kasi iliyotajwa hapo juu. Tangu mwaka 2013 waajiri wa Uingereza walikuwa wakipeleka taarifa ya mishahara kila wanapolipa. Serikali ilijua nani anamlipa nani na kiasi gani, na ililazimika tu kugeuza mwelekeo wa mto: fedha zilizozoea kutoka kwa mwajiri kwenda Hazina zikatoka Hazina kwenda kwa mwajiri. Wasomi wengi wamesifu ukarimu wa asilimia 80. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba sifa kubwa zaidi inastahili kwenda kwa makarani waliojenga daftari hilo miaka saba kabla ya janga, bila kujua lingekuja kutumika kwa kazi gani.

Kanuni nyingine ilikuwa na kasoro ya wazi. Hadi mwisho wa Juni 2020 aliyepumzishwa hakuruhusiwa kumfanyia mwajiri wake kazi hata ya saa moja. Mkahawa uliotaka kuuza chakula cha kubeba siku mbili kwa wiki ulipaswa kumrudisha mpishi kikamilifu au kumwacha nyumbani kikamilifu. Kwa hiyo ruzuku ilimlipa zaidi aliyesimama kuliko aliyejikongoja. Ujerumani haikuwa na tatizo hilo kwa kuwa utaratibu wake ulipima saa badala ya kupima watu. Uingereza ilijirekebisha tarehe 1 Julai kwa kuruhusu kazi ya muda pamoja na ruzuku ya saa zilizobaki.

Somo kubwa zaidi, na kwa maoni yangu lililochunguzwa kwa uchache kuliko linavyostahili, linahusu namna ya kutoka. Mpango ulihitimishwa mara mbili. Mara ya kwanza ilishindikana. Serikali ilitangaza kwamba ungekoma tarehe 31 Oktoba 2020, na ili kuwazoesha waajiri ikapunguza mchango wake hadi asilimia 70 mwezi Septemba na asilimia 60 mwezi Oktoba, tofauti ikijazwa na mwajiri. Sasa, sheria ya kazi ya Uingereza humtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu 100 au zaidi aanze mashauriano siku 45 kabla ya kuachishwa kwa wa kwanza, na siku 30 ikiwa ni kati ya watu 20 na 99. Mwajiri aliyeamini kwamba ruzuku ingekwisha mwishoni mwa Oktoba alilazimika kuanza taratibu hizo kufikia katikati ya Septemba. Maambukizi yalipopanda tena, serikali ilitangaza kuurefusha mpango tarehe 31 Oktoba yenyewe, siku uliyotakiwa kufa. Kwa wengi barua zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Katika miezi mitatu ya Septemba hadi Novemba 2020 idadi ya waliopunguzwa kazini ilifikia takriban 395,000, kubwa kuliko zote tangu takwimu hizo zianze kuwekwa mwaka 1995. Ni kweli kwamba kanuni mpya ziliruhusu walioachishwa baada ya Septemba 23 warudishwe na kuombewa ruzuku, lakini mwajiri hakulazimishwa kufanya hivyo.

Mara ya pili mambo yalikwenda tofauti. Katika bajeti ya Machi 2021 tarehe ya mwisho ilitangazwa miezi saba kabla, yaani Septemba 30, na mchango wa serikali ukapunguzwa taratibu kuanzia Julai. Siku ya mwisho bado ajira milioni 1.16 zilikuwa chini ya ruzuku, na wachambuzi kadhaa walitabiri wimbi la kuachishwa. Wimbi hilo halikuja, na ukosefu wa ajira uliendelea kushuka. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba taarifa ya mapema ndiyo iliyoleta tofauti yote, lakini uaminifu wa kitaaluma hauruhusu. Kufikia vuli ya 2021 chanjo zilikuwa zimeenea, na nafasi za kazi zilizotangazwa zilikuwa zimepita milioni moja kwa mara ya kwanza. Aliyepoteza kazi Oktoba 2021 alikuta milango mingi imefunguliwa, ilhali mwenzake wa Oktoba 2020 alitoka nje akakuta giza. Kinachoweza kudaiwa kwa uhakika zaidi ni kwamba mwaka 2020 gharama ya kuchelewa kuamua ilibebwa na wafanyakazi, na kwamba ratiba ya sheria ya kazi ilipaswa kuwamo katika hesabu za Hazina.

4.0 Tatizo la kupima

Kwa mujibu wa ufafanuzi wa Shirika la Kazi Duniani, mtu aliye na mkataba na ambaye hayupo kazini kwa muda huhesabiwa kuwa na ajira. Hivyo mamilioni ya waliopumzishwa walihesabiwa kama walioajiriwa ilhali hawakufanya kazi hata saa moja. Atakayesoma kiwango cha ukosefu wa ajira cha robo ya pili ya 2020, kilichokaribia asilimia 4, atadhani kwamba hakukuwa na janga lolote. Atakayesoma jumla ya saa za kazi kwa wiki ataona zimepungua kwa karibu moja ya tano, sawasawa na pato la taifa. Kipimo cha saa ndicho kinachosema kweli kuhusu wakati wa vizuizi, na kiwango cha ukosefu wa ajira kinaanza kuwa na maana baada ya ruzuku kuondolewa.

Ugumu wa pili ni kujua nini kingetokea bila ruzuku. Si kila ajira iliyopewa ruzuku ingepotea. Kuhusu mikopo ya Marekani iliyotajwa awali, iliyofikia jumla ya takriban dola bilioni 800, David Autor na wenzake walikadiria kwamba kati ya asilimia 23 na 34 tu ya fedha ndizo zilizowafikia wafanyakazi ambao vinginevyo wangepoteza kazi. Sehemu iliyosalia iliwafikia wenye biashara, wanahisa na wadai wao. Chanzo ni kwamba fedha zilitolewa kwa yeyote aliyetimiza ukubwa wa biashara uliotakiwa, awe ameathirika au la. Mpango wa Uingereza ulipunguza upotevu huo kwa kudai kwamba mfanyakazi asifanye kazi, kanuni ileile niliyoiita kasoro. Mpangaji sera hana namna ya kupata vyote viwili kwa ukamilifu: akibana masharti ili kuzuia upotevu, anazuia pia uzalishaji mdogo ambao ungewezekana.

Ugumu wa tatu ni wa takwimu zenyewe. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba Uingereza ilikuwa ya mwisho kati ya mataifa tajiri kurejea ilipokuwa kabla ya janga. Septemba 2023 Ofisi ya Takwimu ya Taifa ilirekebisha hesabu zake na kuonesha kwamba mwishoni mwa mwaka 2021 uchumi ulikuwa umeuzidi kwa asilimia 0.6 ule wa mwishoni mwa 2019, ilhali hesabu za awali zilisema ulikuwa chini kwa asilimia 1.2. Tasnifu iliyoandikwa mwaka 2022 kwa msingi wa takwimu za awali sasa inahitaji kusomwa kwa tahadhari, bila mwandishi wake kuwa na hatia yoyote. Aidha, kushuka kwa ukosefu wa ajira kulifunika jambo jingine: idadi ya watu wa umri wa kufanya kazi walioacha kutafuta kazi kwa sababu ya maradhi ya muda mrefu iliongezeka, ikafikia takriban milioni 2.5 mwaka 2022. Ruzuku ilihifadhi nyuzi za kazi, lakini haikuweza kuhifadhi afya za waliofungwa kwa nyuzi hizo.

5.0 Swali la Kenya

Tarehe 25 Machi 2020, siku tano baada ya tangazo la London, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza hatua za nafuu kwa Wakenya. Waliopata mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi waliondolewa kodi ya mapato kabisa, kiwango cha juu cha kodi hiyo kikashushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Hatua hizi zimewahi kulinganishwa na ruzuku ya mishahara. Ulinganisho huo haufai, na sababu yake inafuata moja kwa moja kutokana na yaliyoelezwa katika sehemu ya 2.0.

Msamaha wa kodi humfikia mtu ambaye bado analipwa. Mhudumu wa hoteli ya Diani au Malindi aliyepelekwa likizo bila malipo watalii walipokoma kuja hakuwa na mshahara wa kukatwa kodi, na kwa hiyo hakuwa na chochote cha kusamehewa. Kwa aliyebaki kazini, kwa hesabu ya viwango vya wakati huo, aliyelipwa shilingi 24,000 aliongezewa takriban shilingi 1,500 kwa mwezi, na aliyelipwa shilingi 200,000 aliongezewa takriban 11,000. Nafuu ilipanda pamoja na mshahara. Ilisaidia kaya na ikachangamsha matumizi, lakini haikumpa mwajiri sababu yoyote ya kumbakiza mtu ambaye hakuwa na kazi ya kumpa.

Je, Kenya ingeweza kufanya kama Uingereza? Uhaba wa fedha ni jibu la haraka, nalo ni la kweli, ila halitoshi. Kwa mujibu wa Taarifa ya Hali ya Uchumi inayotolewa na Shirika la Takwimu la Taifa, mwaka 2019 Kenya ilikuwa na wafanyakazi takriban milioni 18.1 nje ya kilimo kidogo. Kati yao milioni 15.1 walikuwa katika sekta isiyo rasmi, ile tunayoiita jua kali, na waajiriwa wa mishahara katika sekta rasmi hawakufika milioni 3. Fundi wa Gikomba mwenye wasaidizi wawili anaowalipa kila jioni ni mwajiri kwa maana zote za kiuchumi. Ana wafanyakazi aliowafundisha, wanaojua wateja wake na vyuma vyake, na uhusiano wao ni wa thamani ileile ya mpishi na mkahawa. Haukuandikwa popote. Hazina hata ingekuwa na mabilioni ya kugawa isingekuwa na mto wa kugeuza mwelekeo wake.

Afrika Kusini inaonesha hali iliyo katikati. Nchi hiyo ilikuwa na Mfuko wa Bima ya Ukosefu wa Ajira, na kupitia mfuko huo ilianzisha ruzuku ya muda mara baada ya vizuizi kuanza mwishoni mwa Machi 2020, kiwango cha chini kikiwa randi 3,500 kwa mwezi. Waliokuwamo katika daftari walifikiwa. Kwa walio nje yake ikabidi kuanzishwa posho tofauti ya randi 350, moja ya kumi ya kiwango hicho. Daftari lenyewe nalo halikuwa safi: ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulibaini malipo kwa majina ya marehemu na ya wafungwa. Kuwa na daftari na kuwa na daftari linalosomana na madaftari mengine ya serikali ni mambo mawili.

Kenya ililifikia tatizo hili kwa upande mwingine, kupitia mpango wa Kazi Mtaani. Vijana wa makazi yasiyo rasmi waliajiriwa kwa zamu kusafisha mitaro na mazingira. Katika awamu ya pili, iliyoanza Julai 2020 na kuhusisha vijana zaidi ya 270,000, malipo yalikuwa shilingi 455 kwa siku, yakitumwa kwa simu. Mpango huu uliwapa watu mapato bila kuhitaji orodha ya mwajiri yeyote. Hata hivyo ulifanya kinyume cha ruzuku ya mishahara, kwani uliunda uhusiano mpya wa muda kati ya kijana na serikali, na wakati huohuo uhusiano wake wa zamani na fundi, mama ntilie au mwenye matatu uliachwa ujitegemee.

Takwimu za mwaka uliofuata zinasomeka vizuri zaidi kwa mwanga huu. Ajira za mishahara katika sekta rasmi zilipungua kwa zaidi ya 180,000 mwaka 2020, na ajira za sekta isiyo rasmi zikashuka kutoka milioni 15.1 hadi milioni 14.5. Pato la taifa lilisinyaa kwa asilimia 0.3 tu mwaka huo na kukua kwa zaidi ya asilimia 7 mwaka 2021. Kwa kipimo cha pato, Kenya ilianguka kidogo kuliko Uingereza na ikainuka mapema. Kwa kipimo cha uhusiano wa kazi hatuna namna ya kusema, kwa kuwa Taarifa ya Hali ya Uchumi huhesabu idadi ya watu katika jua kali bila kuonesha kama msaidizi aliyerudi Gikomba mwaka 2021 alirudi kwa fundi yuleyule. Utafiti wa kulijibu swali hilo ungelazimika kuwafuata mafundi na wasaidizi wao mmoja mmoja kwa miaka kadhaa, na ungelazimika kuanza kabla ya dharura ijayo kutokea.